Kabla ya GitHub kulikuwa na madaftari ya Grace Hopper

Hebu tuanze na jambo ambalo huenda limekukuta. Umemtengenezea shangazi yako tovuti ya kuuza vitenge, ukaweka plagini ya kupokea oda, kila kitu kikawa fiti. Miezi minane baadaye tovuti inagoma. Unaingia GitHub kumtafuta aliyeiandika ile plagini, unakuta malalamiko ya watu yamejaa pomoni na hakuna aliyejibu tangu mwaka juzi. Mwenyewe amepata kazi, amepata mtoto, amechoka, nani ajuaye. Msimbo uko wazi, kila mtu anausoma, lakini mwenye funguo hayupo.

Waliozoea mambo haya wana dawa yake. Wanafungua akaunti ya kundi badala ya akaunti ya mtu mmoja, wanahamishia humo plagini zilizoachwa yatima, wanagawana funguo watu wanne watano. Wanaandika maelezo ya jinsi ya kuitumia kila plagini na jinsi ya kuipima kabla ya kuibadilisha. Mmoja akichoka, mwingine anashika usukani. Ukiona kosa, hulalamiki tu. Unanakili msimbo, unarekebisha, unawatumia ombi la kuingiza marekebisho yako, wao wanakagua.

Unaweza kudhani wazo hili limezaliwa juzi na vijana wa California. Kumbe mmoja wa watu wa kwanza kulihangaikia alizaliwa 1906, alikuwa mwalimu wa hisabati, na alikuwa mwembamba kiasi kwamba jeshi lilisita kumchukua. Jina lake Grace Hopper. Pengine umelisikia, pengine umesikia hata hadithi ya nondo. Nondo tutamfikia, ingawa ndiye mdogo zaidi katika hadithi hii.

Alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906, akaitwa Grace Brewster Murray, kifungua mimba wa watoto watatu. Baba alikuwa mtu wa bima, mama alipenda hisabati tangu ujana wake. Akiwa na umri wa miaka saba Grace alitaka kujua saa ya kengele inavyofanya kazi. Akaifungua. Vipande vikatawanyika, akashindwa kuvirudisha. Basi akaenda chumba cha pili akafungua nyingine ili aone ya kwanza ilikuwaje. Mama alipogundua, saa saba zilikuwa zimefunguliwa. Adhabu aliyopewa ilikuwa ndogo: tangu siku hiyo aliruhusiwa kuchezea saa moja tu.

Wewe uliyewahi kuangushwa na somo moja, sikia hili. Alipoomba nafasi katika chuo cha Vassar akiwa na miaka 16, alikataliwa kwa sababu alifanya vibaya Kilatini. Akarudi mwaka uliofuata, akapokelewa, akahitimu 1928 katika hisabati na fizikia. Akaenda Yale, akapata shahada ya uzamili 1930 na ya uzamifu 1934. Katikati ya hayo aliolewa na Vincent Hopper, mwalimu wa fasihi, ndoa ambayo ilivunjika rasmi 1945. Jina la mume akabaki nalo. Wakati huo wote alikuwa akifundisha palepale Vassar, na angeweza kustaafia hapo, mwalimu mzuri asiyejulikana nje ya lango la chuo.

Vita ndivyo vilimtoa. Wajapani waliposhambulia Pearl Harbor mnamo Desemba 1941, Hopper alitaka kuingia jeshi la majini. Umri wake ulikuwa umepita, uzani wake ulipungua kama kilo saba chini ya kiwango, na serikali iliona afadhali mwalimu wa hisabati abaki darasani. Hakukubali. Aling'ang'ana mpaka akapata vibali vya kuondolewa masharti hayo, na mwishoni mwa 1943 akaapishwa katika kikosi cha akiba cha wanawake. Katika shule ya maofisa alimaliza wa kwanza, akiwa na umri wa kuwa mama wa baadhi ya waliosoma naye.

Mnamo Julai 1944 alitumwa Harvard, kwenye chumba kilichokuwa na dude la chuma na kioo lenye urefu wa mita 15 na uzani wa zaidi ya tani 4. Hiyo ndiyo Mark I. Iliweza kujumlisha mara tatu kwa sekunde moja. Simu yako ya mkopo ingeicheka, lakini wakati ule ilikuwa noma. Mkubwa wa pale, Howard Aiken, alimpokea kwa kumwuliza alikuwa wapi siku zote hizo, kisha akampa kazi ya hesabu iliyotakiwa iwe tayari baada ya siku chache. Hopper hakuwa amewahi kuona mashine ya aina ile. Alijifunza kwa kusoma michoro na kuwasumbua vijana wawili waliomtangulia, Robert Campbell na Richard Bloch.

Sasa ndipo tunafika kwenye madaftari. Mark I ilipokea maagizo kupitia utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Kila hesabu mpya ilihitaji utepe mpya. Lakini ndani ya hesabu nyingi kulikuwa na kazi zilezile zinazojirudia: kutafuta saini ya pembe, kutafuta kipeo cha pili, kutafuta logi. Hopper, Bloch na Campbell wakaanza kuandika vipande hivyo katika madaftari yao, vile vilivyokwisha kupimwa vikaonekana sawa. Ukihitaji saini ya pembe, unamwendea Bloch, unamwomba daftari, unanakili kwa mkono.

Ona ilivyo: watu watatu, madaftari matatu, kila mtu anaazima kwa mwenzake na kumwambia akiona kosa. Hiyo ni hifadhi ya msimbo wa pamoja, ila imeandikwa kwa penseli.

Na matatizo yake yalikuwa yaleyale unayoyajua. Watu walikosea kunakili. Hopper alisimulia miaka mingi baadaye jinsi tarakimu 4 ilivyogeuka kuwa alama nyingine kabisa, na jinsi herufi B ilivyosomwa kuwa 13. Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Kipande ulichokiazima kilianza kuhesabu nafasi zake kutoka sufuri, lakini katika programu yako kinaingia katikati, kwa hiyo kila nafasi ilipaswa kuongezwa kiasi fulani. Ni kujumlisha tu, hesabu ya darasa la pili. Wasomi wa Harvard walikuwa hawaiwezi, si kwa ujinga bali kwa uchovu. Hopper aliliweka jambo hilo kichwani: pale ulipo na mashine isiyochoka kunakili wala kujumlisha, kwa nini kazi ya kunakili na kujumlisha umpe binadamu?

Kabla hajapata jibu alipewa kazi nyingine ambayo wengi wetu huikimbia. Aiken alimwamuru aandike kitabu cha maelezo ya mashine. Hopper alisema hajawahi kuandika kitabu, akaambiwa sasa yuko jeshini. Kikatoka 1946, kurasa zaidi ya 500. Mtu yeyote aliyewahi kufungua plagini nzuri isiyo na hata mstari mmoja wa maelezo ataelewa kwa nini nalitaja.

Haya, nondo. Tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa Mark II, mashine iliyofuata, walimkuta nondo amenasa ndani ya swichi. Wakamtoa, wakambandika kwa utepe katika kitabu cha kumbukumbu, wakaandika kwa utani kwamba wamepata mdudu halisi. Utani ulikuwapo kwa sababu wahandisi walikuwa wakiita hitilafu mdudu tangu siku za Edison. Hopper hakumgundua yeye, wala hakubuni neno. Alipenda tu kuisimulia hadithi ile, na alikuwa msimulizi hodari, basi ikamganda.

Baada ya vita mambo hayakumwendea vizuri. Jeshi la kudumu lilimwona mzee. Harvard haikuwa na nafasi ya kudumu kwa ajili yake. Ndoa ilikuwa imekwisha. Alianza kunywa pombe kupita kiasi, na kuna wakati rafiki zake waliogopa kwamba wangempoteza. Wasifu nyingi za mashujaa hurukia sehemu hii, mimi naona ni bora uijue. Mwaka 1949, mwaka ule aliokuwa chini kabisa, alihamia Philadelphia kujiunga na kampuni changa ya Eckert na Mauchly iliyokuwa ikitengeneza tarakilishi iitwayo UNIVAC. Kampuni yenyewe ilikuwa na madeni, mwaka uliofuata ikanunuliwa na Remington Rand.

Pale ndipo madaftari yalipata nyumba. UNIVAC ilisoma utepe wa sumaku. Hopper akachukua vile vipande vilivyopimwa, akaviweka kwenye utepe, kila kimoja akakipa namba ya kukiita, kama vitabu vya maktaba vinavyopewa namba. Kisha, kati ya 1951 na 1952, akaandika programu ambayo wewe unaitajia namba za vipande unavyovitaka, kwa mpangilio unaoutaka, nayo inavitafuta, inavinakili bila kukosea, inazirekebisha zile nafasi zote, na inakupa programu nzima. Aliiita A-0. Neno alilolitumia kwa kazi hiyo, kompaila, maana yake ilikuwa kukusanya, kama mtu anayekusanya makala awe na kitabu. Leo neno hilo lina maana pana zaidi, na A-0 ingeitwa kwa jina lingine. Lakini kila unapoandika mstari mmoja juu ya faili yako wa kuingiza maktaba fulani, na mashine ikaifuata ikaileta, unafanya alichokifanya yeye.

Kulikuwa na kizuizi kimoja kitamu kukisimulia. Kompaila ilipitia programu mara moja tu, kuelekea mbele. Wakati mwingine programu ilitakiwa kuruka kwenda mahali ambapo bado hapajaandikwa, na mashine haikujua patakuwa wapi. Hopper alikumbuka mpira wa kikapu aliocheza chuoni. Sheria za wasichana wakati ule hazikuruhusu kukimbia sana na mpira, kwa hivyo ulimpa mwenzako, ukakimbia mbele, akakurudishia ukifika. Akatenga kona moja ya kumbukumbu ya mashine. Programu ikitaka kurukia mahali pasipojulikana, inarukia kwanza kwenye kona ile, na kona inaachiwa ujumbe pindi mahali penyewe panapojulikana. Pasi ya kikapu ndani ya tarakilishi!

Unadhani alishangiliwa? Aliambiwa tarakilishi haiwezi kuandika programu, inaweza kufanya hesabu tu. Mashine iko, inafanya kazi, na watu hawataki kuigusa. Baadhi walikuwa na hofu halali, kwani saa moja ya UNIVAC ilikuwa ghali na programu ya kuunganishwa na mashine ilikwenda polepole kuliko ile iliyosukwa kwa mkono. Wengine, kwa maoni yangu, walikuwa wakilinda chakula chao. Kuandika programu kulikuwa siri ya wachache, na hakuna anayefurahia siri yake ikigeuzwa maktaba.

Hapo Hopper alifanya jambo ambalo naona ndilo kubwa kuliko yote, ingawa halimo katika hadithi anazosimuliwa. Timu yake ilikuwa ndogo, isingeweza kujua shida za kila mteja. Toleo la A-2 lilipokuwa tayari mwishoni mwa 1953, wateja wa UNIVAC, miongoni mwao taasisi za serikali na za jeshi, walipewa pamoja na msimbo wenyewe. Si matumizi tu, bali chanzo chote, ukisome, ukibadilishe. Wakaombwa watume maboresho yao ili yaingizwe na wengine wafaidi.

Tusipake sukari. Funguo zilibaki kampuni. Mteja alituma rekebisho kwa posta akasubiri, na iwapo Remington Rand ingeamua kuacha, hakuna ambaye angemlazimisha kuendelea. Na wateja wote walikuwa wamenunua mashine ya bei kubwa ajabu. Haikuwa chanzo huria kama tunavyokijua, chenye leseni. Ilikuwa mbegu tu. Wenye mashine za IBM walipiga hatua nyingine mnamo 1955 walipounda umoja wao walioita SHARE, watumiaji wenyewe kwa wenyewe wakibadilishana programu, mwenye kampuni akiwa pembeni.

Ili uone kwa nini suala la funguo si porojo, kumbuka Machi 2016. Kipande cha msimbo cha mistari 11, kazi yake kuongeza nafasi upande wa kushoto wa neno, kiliondolewa na mwenyewe kutoka hifadhi ya npm baada ya ugomvi. Kwa saa chache programu duniani kote zikashindwa kujengeka, kwa sababu zilikiazima bila kujua. Mistari 11! Hopper angesema hicho kilipaswa kuwa na namba ya maktaba na zaidi ya mtunzaji mmoja. Samahani, sipaswi kumsemea. Lakini ndivyo alivyofanya kazi.

Baada ya A-2 aliamua kwamba hata alama za hisabati zinawafungia watu nje. Karani wa malipo hajui alama hizo, anajua kusema toa kodi kwenye mshahara. Kwa nini asiiandikie mashine kwa maneno? Timu yake ikatengeneza lugha iliyokuja kuitwa FLOW-MATIC. Alipowaonyesha wakubwa, aliandaa programu ileile kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, kuthibitisha kwamba kwa mashine maneno ni alama tu. Wakubwa wakashtuka. Tarakilishi iliyoundwa Philadelphia ielewe Kifaransa? Ilichukua miezi kuwatuliza, na ikabidi aahidi Kiingereza pekee. Ukiwa umewahi kufikiria lugha ya programu kwa Kiswahili, ujue hoja ilikuwa imeshajibiwa katika miaka ya 1950.

Mwaka 1959 kampuni na idara za serikali zilikutana Pentagon kuunda lugha moja ya biashara itakayokubalika na mashine zote. Hiyo ndiyo COBOL. Hopper huitwa mama yake. Ukweli ni kwamba hakuwa katika kundi dogo lililoiandika. Alikuwa mshauri, na FLOW-MATIC yake ndiyo waliyoegemea zaidi. Mary Hawes wa Burroughs ndiye aliyechochea mkutano wa kwanza, na Jean Sammet na Betty Holberton walitoka jasho kwenye kazi yenyewe, wataje nao.

Na kamati, jamani! Washindani wameketi meza moja, kila mmoja na lugha yake mfukoni. Mambo yalikwenda polepole mpaka Howard Bromberg wa RCA akachoka, akanunua jiwe la kaburi lililochongwa neno COBOL, akamtumia Charles Phillips aliyekuwa akiongoza shughuli nzima. Kama umewahi kukaa katika kundi la WhatsApp la mradi ambapo watu 30 wanabishania jina la faili, unaelewa. Hata hivyo, mnamo Desemba 1960 programu moja ya COBOL iliendeshwa kwenye mashine ya RCA na kwenye ya UNIVAC, kampuni mbili zisizopendana, ikafanya kazi kotekote.

Jeshi la akiba lilimstaafisha mwishoni mwa 1966. Alisema ilikuwa siku ya huzuni kuliko zote maishani mwake. Miezi saba baadaye wakamwita tena, eti kwa miezi sita tu. Miezi sita hiyo iligeuka miaka karibu 20. Tatizo lilikuwa kwamba kila muuzaji alidai mashine yake inajua COBOL, lakini kila mmoja alikuwa na lahaja yake, na mishahara ya wanamaji ikawa inakwama. Hopper hakubishana na wauzaji. Timu yake iliandika mkusanyiko wa programu za majaribio: kama kompaila yako inapita zote, ni COBOL, isipopita, rudi nyumbani urekebishe. Vipimo vile vikaja kuwa kigezo cha taifa. Leo ukituma marekebisho kwenye plagini ya kundi, kabla binadamu hajayasoma, mashine huyapitisha kwenye vipimo. Umbea wa nani anajua na nani hajui unaishia hapo.

Uzeeni alikuwa kivutio. Ofisini kwake kulikuwa na saa ya ukutani iliyozunguka kinyume, ili mgeni aone kwamba kinachoitwa kawaida ni mazoea. Alitembea na vipande vya waya vya karibu sentimita 30, umbali ambao umeme hauwezi kuuzidi katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, akawagawia watu ili waelewe muda wa mashine kwa macho. Majenerali walipewa, wanafunzi walipewa. Alipandishwa cheo kuwa komodoro 1983, na kufikia 1985 akaitwa admirali. Tarehe 14 Agosti 1986 alistaafu kwa mara ya mwisho, juu ya meli kongwe ya USS Constitution huko Boston, akiwa na miaka 79, ofisa mzee kuliko wote waliokuwa kazini. Muda mfupi baadaye aliajiriwa na kampuni ya tarakilishi ya Digital, akaendelea kuzunguka akizungumza na vijana.

Alifariki usingizini Arlington, Virginia, tarehe 1 Januari 1992, akiwa na miaka 85, akazikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya taifa ya hapo. Kile kitabu chenye nondo kiko jumba la makumbusho la Smithsonian. Mnamo Novemba 2016, miaka 24 baada ya kufa kwake, Barack Obama, yule ambaye babake alitoka Kogelo, alimtunuku nishani ya juu kabisa ambayo raia hupewa Marekani. Mtu wa ukoo wake ndiye aliyeipokea.